Turnitin Mikononi mwa Mhadhiri: Inachokiona na Kisichoonekana

Mwanafunzi mwenye simu na bando la siku moja anaweza kupata insha nzima mtandaoni, akabadilisha jina na namba ya usajili, kisha akaikabidhi kabla ya saa ya mwisho kufika. Ili kuzuia udesaji wa namna hiyo, vyuo vingi vikuu vya Afrika Mashariki hulipia Turnitin, huduma iliyoanzishwa mwaka 1998 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na iliyonunuliwa mwaka 2019 na kampuni ya Advance kwa takriban dola za Marekani bilioni 1.75. Naitathmini hapa kama msomaji wa kila muhula wa ripoti zake, na maoni yangu ni kwamba ni karani hodari aliyepewa kiti cha hakimu.

Kama karani, haina mshindani wa karibu. Huilinganisha kazi iliyopakiwa na kurasa za intaneti, makala za majarida na hazina ya kazi za wanafunzi zilizokwisha kukusanywa, kisha hutoa asilimia ya ulinganifu pamoja na rangi: bluu pale ambapo hakuna kilicholingana, kijani hadi asilimia 24, njano hadi 49, chungwa hadi 74, na nyekundu kuanzia 75. Kila kifungu kilichowekewa alama huonyesha kilikotoka, kwa hiyo mhadhiri halazimiki tena kuitafuta sentensi moja moja mwenyewe.

Tatizo huanza pale asilimia inaposomwa kama hukumu. Vyuo vingi vimejiwekea kikomo, na mwanafunzi akikivuka hurudishiwa tasnifu bila mtu kuifungua ripoti yenyewe. Ilhali tasnifu ya sheria yenye asilimia 28 yaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa imenukuu vifungu vya sheria, imeorodhesha marejeleo na imetumia maelezo ya mbinu za utafiti yanayofanana kila mahali; na yenye asilimia 8 yaweza kuwa imebeba sura nzima ya uchambuzi wa mtu mwingine, ikajificha ndani ya kurasa nyingi. Kampuni yenyewe haisemi kwamba asilimia hiyo ni kipimo cha wizi. Programu inaruhusu kuondoa nukuu na marejeleo katika hesabu, na inashangaza jinsi hatua hiyo ndogo inavyorukwa.

Kwa kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili, uwezo wake hupungua. Sehemu kubwa ya maarifa yetu imo katika vitabu na tasnifu za karatasi zilizoko kwenye rafu za maktaba, na programu haiwezi kulinganisha kazi na kitu ambacho haijakisoma. Zaidi ya hayo, anayechukua insha ya Kiingereza na kuipitisha katika kitafsiri cha mtandaoni anaweza kupata rangi ya kijani bila jasho. Hapo anayemnasa ni mwalimu anayelijua somo lake, anapokutana na insha kuhusu ushairi wa Kiswahili isiyotaja mizani wala vina, na ambayo haikumrejelea hata mhakiki mmoja aliyeandika kwa lugha hiyo.

Insha ya kununuliwa ni kisa kingine. Nairobi inajulikana kwa wahitimu wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na kwa kuwa kila kazi huandikwa upya, ulinganifu huwa mdogo. England ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2022, jambo ambalo programu isingeweza kulifanya.

Kuhusu kitambuzi cha maandishi ya akili unde, kilichoongezwa Aprili 2023, ningeshauri kisitumike kama ushahidi. Kampuni ilisema kwamba makosa yake ya kuitaja kazi ya binadamu kuwa ya akili unde ni chini ya asilimia 1. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipiga hesabu kwa kazi 75,000 kilizowasilisha mwaka 2022, kikaona kwamba kiwango cha asilimia 1 kingeweza kuzitia hatiani bure kazi zipatazo 750 za wanafunzi, na Agosti 2023 kikakizima. Ulinganifu wa kawaida huonyesha chanzo ambacho mtuhumiwa anaweza kukipinga. Kitambuzi hiki hutoa namba isiyo na chanzo.

Leseni huuzwa kwa taasisi, si kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na ndiyo maana wapo wanaouza ukaguzi kwa akaunti za kuazima. Huduma hiyo iepukwe. Kazi ikihifadhiwa katika hazina kupitia akaunti ya chuo kingine, siku ya kuwasilishwa rasmi italingana na nakala yake yenyewe, na mwenye kazi atapata nyekundu kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe. Wasimamizi nao wanaweza kusababisha balaa hilohilo wanapopakia rasimu bila kuangalia mipangilio. Rasimu zipakiwe kwa chaguo la kutohifadhi, na toleo la mwisho pekee ndilo liingizwe katika hazina.