Uzoefu wangu: usaili wa umeneja wa ghala katika kampuni kubwa

Nilimaliza hatua ya mwisho wiki iliyopita na naandika kabla kumbukumbu hazijafifia. Nilipokuwa najiandaa nilikuta ushauri tele kuhusu mavazi na namna ya kusalimia, lakini kuhusu kazi yenyewe sikupata kitu. Kampuni sitaitaja. Ni kubwa, ina maghala kadhaa, na nafasi niliyoomba ni ya kusimamia ghala moja linaloendeshwa kwa zamu tatu.

Hatua za mwanzo nitazipita haraka. Unatuma wasifu, unafanya mtihani wa mtandaoni wa hesabu na kusoma majedwali, kisha unapigiwa simu fupi. Mtihani una maswali mengi kuliko muda uliopo, kwa hiyo swali likikukwamisha liache uendelee na jingine.

Siku ya usaili walikaa watu watatu: afisa rasilimali watu, mtu wa fedha na meneja wa uendeshaji. Afisa rasilimali watu hakutaka nadharia, alitaka visa. Hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, ikaishaje. Nilianza kumsimulia jinsi tulivyopanga upya stoo nilikofanya kazi zamani, bidhaa zinazotoka kila siku tukazisogeza karibu na mlango wa kupakia ili wachukuaji wapunguze kutembea. Akanikatisha: "Ndugu, 'tulipanga' ni akina nani? Wewe hasa ulifanya nini?" Ilibidi nirudi nyuma nieleze kwamba mimi ndiye niliyechambua oda za miezi mitatu nikaorodhesha bidhaa zinazotoka sana, na wenzangu ndio waliohamisha mizigo. Kama unakwenda kwenye usaili wa aina hii, andaa visa vyako na ujue kabisa mkono wako uko wapi katika kila kimoja.

Swali lililonifurahisha zaidi lilitoka kwa yule mama wa fedha. Mfumo unaonyesha vipande 1,200, umehesabu rafuni ukapata 1,152. Utafanya nini? Kabla ya kujibu nikamuuliza katoni moja ina vipande vingapi. Akasema 24. Basi pengo la 48 ni katoni mbili kamili, na katoni kamili mara nyingi huwa zimewekwa rafu ya jirani, au zimechukuliwa kwa oda ambayo hakuna aliyeithibitisha kwenye mfumo, au hazikuwahi kufika: aliyepokea aliandika idadi ya kwenye hati ya mzigo bila kuhesabu. Nikasema nitafuata njia hizo tatu kwanza. Kurekebisha takwimu kwenye mfumo ni hatua ya mwisho, tena kwa saini ya mtu mwingine, siyo ya aliyehesabu. Akaniangalia kidogo, akauliza: "Na pengo lingekuwa 47?" Hapo hadithi inabadilika. Katoni imefunguliwa mahali fulani, na lazima ufikirie pia uharibifu, wizi, au mchukuaji aliyehesabu vibaya kipande kimoja kimoja. Tulizungumza juu ya hilo karibu robo saa, na sikuhisi kabisa kwamba nahojiwa.

Lakini kilichoamua mambo, kwa maoni yangu, ni nusu saa ya kuzunguka ghalani na meneja wa uendeshaji. Tulivaa vizibao vya kuakisi mwanga na viatu vya usalama, tukatembea ndani ya mistari ya waenda kwa miguu, naye akawa kimya. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama: "Hapa umeona nini?" Niliona katoni zimeziba kizimamoto. Niliona nguzo ya rafu imebonyea chini, bila shaka iligongwa na foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na juu yake paleti (majukwaa ya kupangia mizigo) bado zimejaa. Nikasema ningeishusha mizigo yote ya sehemu ile na kuifunga sehemu hiyo mpaka mtaalamu aikague. Akaandika kitu.

Kisha tukamkuta dereva wa foklifti akishuka mteremko wa kuelekea uwanja wa kupakia, mzigo ukiwa mbele yake. Kanuni ni kwamba mzigo uelekee juu ya mteremko wakati wote, kwa hiyo anaposhuka anapaswa kurudi kinyumenyume. Vinginevyo mzigo unaweza kuteleza kutoka kwenye uma, yaani vyuma viwili vya mbele vinavyoubeba, au kupindua mashine yenyewe. Nilisita kulisema mbele ya kijana wa watu. Nikasubiri apite, ndipo nikasema, na nikaeleza kwamba ningekuwa kazini ningemsimamisha pale pale, kwa heshima, kwa sababu hatari haisubiri kikao.

Nilikosea sehemu moja. Kwenye bidhaa zenye tarehe ya kuisha muda nilijibu haraka kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Meneja akanisahihisha: pale huangaliwa tarehe ya kuisha, siyo siku ya kuingia, maana shehena ya jana inaweza kuharibika kabla ya ile ya mwezi uliopita. Nalijua hilo vizuri. Haraka ndiyo iliyoniponza.

Sasa malalamiko yangu. Mshahara haukutajwa mpaka mwisho kabisa, na suala la meneja kushika zamu ya usiku wiki moja kila mwezi lilijitokeza kwa sababu tu niliuliza. Jambo kama hilo linagusa familia ya mtu na lilipaswa kuandikwa kwenye tangazo la kazi. Halafu kati ya mtihani na usaili nilikaa wiki tano bila ujumbe hata mmoja. Usaili wenyewe naupa nyota nne kati ya tano, maana waliuliza mambo ya kazi na walinisikiliza. Mawasiliano yao hayazidi mbili.

Jana walinipigia. Nafasi ya umeneja amepewa mtu aliyewahi kuongoza kikosi kikubwa kuliko changu, ila wananitaka niwe msaidizi wake. Yule meneja wa uendeshaji aliniambia mwenyewe, kwa sauti yake, na akanieleza sababu bila kuzungusha. Nimeomba siku tatu nizungumze na mke wangu kuhusu zile wiki za usiku.