Wiki nane katika maabara ya vimeng'enya: tathmini ya nafasi ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Maabara ninayoitathmini ni ya idara ya baiokemia katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila mwaka, mara tu mitihani ya mwaka wa pili inapokwisha, huwapokea wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza wanaopenda kutumia wiki zao nane za mafunzo kwa vitendo katika utafiti wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, badala ya kwenda kiwandani au hospitalini. Tulikuwa wanne, na kila mmoja alikabidhiwa swali lake mwenyewe, ambalo jibu lake halikuwa likijulikana hata kwa msimamizi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo lililoifanya nafasi hii kuwa ya thamani, kwa kuwa katika vipindi vya kawaida vya maabara tulizoea kufanya jaribio ambalo matokeo yake tuliyajua tangu asubuhi, na aliyepata tofauti alirekebisha namba zake kimyakimya.

Mimi nilipewa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi kinachovunjavunja protini, ambacho wapishi wetu wamekitumia tangu zamani kwa kulainisha nyama ngumu kabla ya kuipeleka motoni. Nilitakiwa kupima ni kiasi gani cha nguvu yake hupotea utomvu unapoanikwa juani, nikilinganisha na ule uliokaushwa katika oveni ya nyuzi 50. Siku za mavuno tulifika shambani alfajiri, tukayachanja mapapai yakiwa bado mtini na kukinga utomvu katika vyombo vya plastiki, kwani madini ya chuma huuharibu. Kazi ya kupima yenyewe ilitegemea sabstreti, yaani kitu kinachokatwa na kimeng'enya, iitwayo BAPNA: papaini inapoikata, rangi ya manjano hutokea, na spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na rangi, huisoma rangi hiyo katika urefu wa wimbi wa nanomita 410.

Katika wiki ya tatu rangi hiyo ilikataa kutokea. Sampuli zote, hata ile ya papaini safi ya dukani niliyoitumia kama kilinganishi, zilibaki karibu bila rangi kwa siku mbili mfululizo, nami nilikwisha kuamini kwamba nimeharibu utomvu wote wa msimu. Msimamizi wetu hakuniambia kosa lilikuwa wapi, ingawa nadhani alilijua mara moja. Aliniomba daftari, akanitaka nimsomee kwa sauti kila chupa niliyoitumia pamoja na tarehe yake. Tulipofika kwenye maji ya sisteini, asidi amino yenye salfa, niliyoyaandaa Jumatatu na kuendelea kuyatumia hadi Alhamisi, nilinyamaza mwenyewe. Utendaji wa papaini hutegemea salfa ya sisteini iliyo katika nafasi ya 25 ya mnyororo wake. Salfa hiyo ikiunguzwa na oksijeni kimeng'enya hulala, na huamshwa kwa kuongezewa sisteini mbichi, ambayo nayo haikai siku nyingi ikiwa imeyeyushwa. Niliandaa nyingine asubuhi ile ile, na manjano ikarudi kabla ya dakika kumi. Nimesoma mlingano ambao Leonor Michaelis na Maud Menten waliuchapisha mwaka 1913 kuhusu jinsi kasi ya kimeng'enya inavyobadilika sabstreti inapoongezwa, nikaukariri na kuufanyia mtihani, lakini niliuelewa wiki hiyo, nilipochora mchoro kwa namba nilizozipata kwa mikono yangu na kuona kasi ikipanda kisha ikitulia.

Sifa kubwa pia inamstahili fundi sanifu wa maabara, mama mwenye subira, ambaye alitufundisha kushika mikropipeti, kifaa cha kupimia vimiminika kidogo sana, vizuri kuliko kitabu chochote, na ambaye hakumruhusu mtu kuanza kazi bila koti na miwani.

Kasoro zipo, nami nazitaja kwa sababu naipenda maabara hii. Spektrofotomita ni moja tu, na wanafunzi wa uzamili wana haki ya kwanza, kwa hiyo mara nyingi nilipima saa kumi na mbili jioni utomvu nilioutayarisha saa nne asubuhi. Umeme ulipokatika usiku, friji ya sampuli haikuwa na jenereta. Posho haikuwepo kabisa, wala nauli, jambo linalomwondoa moja kwa moja mwanafunzi ambaye hana ndugu wa kumhifadhi mjini. Katika chuo cha MIT cha Marekani, ambako programu ya UROP inayowashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti ilianzishwa mwaka 1969, mwanafunzi anaweza kulipwa au kuhesabiwa kazi hiyo kama sehemu ya masomo. Sidai tulipwe kama wao, lakini idara ingeweza walau kuzihesabu saa za jioni na za Jumamosi katika alama za mafunzo, maana kwa sasa anayekaa hapo hadi usiku na anayesaini mahudhurio kiwandani na kuondoka wanapata alama ile ile.

Hata hivyo ningeiomba tena, na mdogo wangu, anayeingia mwaka wa pili, nimemshauri aiombe. Nilichomsisitizia ni kwamba kabla ya kupokea barua aulize kama kemikali za mradi wake zimekwisha kufika, kwani mwenzetu mmoja aliingoja sabstreti yake kwa wiki tatu kati ya zile nane, akiosha vyombo vya wengine.