Nililipa nifundishwe o-goshi, nikalishwa dharau

Jina la klabu hii ya judo silitaji, wenyewe watajijua. Iko Dar, ghorofani, juu ya duka la vipuri, na ada yao ya mwezi si ya kitoto. Nilivutiwa na judo baada ya kumwona Andrew Thomas Mlugu akituwakilisha kwenye Olimpiki ya Paris 2024, nikasema ngoja na mimi nijaribu, maana kiti cha ofisini kimeshanimaliza.

Siku za mwanzo sina ugomvi nazo. Tulifundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mkono unaupiga mkeka kwa nguvu pale pale mgongo unapotua. Kiganja kinawaka moto, lakini shingo nzima. Safi.

Balaa lilianza tulipofika o-goshi, ule mtupo wa kumpakia mwenzako kiunoni na kumbwaga mbele yako. Sensei, yaani mwalimu wetu, alionyesha chapuchapu, mara moja tu, kisha akachukua simu kujirekodi. Mimi nimebaki nimeng'ang'ania gi (vazi la judo) ya jamaa mmoja mrefu, navuta, haendi. Nikamwita sensei. Alikuja, akanipandisha na kunishusha, akasema kwa sauti ya kufika hadi chini dukani: "Dada, wewe mfupi. Hicho kiuno ni cha ngoma, si cha judo." Watu wakaangua kicheko. Yeye huyoo, karudi kwenye simu yake.

Mfupi! Mtupo wenyewe unawapenda wafupi! Kinachotakiwa ni nyonga zako ziwe chini ya nyonga za mwenzako. Mrefu ndiye anayehangaika kukunja magoti. Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, kule Tokyo mwaka 1882, alikuwa mtu wa futi tano na ushee, na mtupo aliosifika nao ni uki-goshi, wa kiunoni vilevile. Mtu kavaa mkanda mweusi na hili halijui? Au analijua, ila mwanamke akiuliza swali anaona kavuliwa cheo?

Nilishaanza kufungua mkanda niondoke. Kuna binti msaidizi pale, mkanda wa bluu, hata chuo sidhani kama amemaliza. Akaninong'oneza: "Dada, usimnyanyue. Mvute kwanza mpaka asimamie vidole." Tukaenda taratibu. Mkono wa kushoto unavuta mkono wa gi yake, wa kulia unapita chini ya kwapa kumzunguka mgongoni, kisha wewe unageuka mpaka mgongo wako umemgusa kifuani, magoti umeyakunja. "Sasa nyoosha magoti, geuza kichwa kushoto, usiachie." Lile jitu likapita juu ya kiuno changu, puu! kwenye mkeka. Kiuno kilekile cha ngoma! Uzito wake wala sikuusikia. Nilicheka mpaka machozi. Nimelipia mambo mengi mjini hapa, hakuna lililonipa raha ile.

Sensei kusikia kishindo, akageuka, simu mkononi. "Ooh, safi! Rudieni hiyo nirekodi."

Rudieni! Yaani kazi afanye binti, aibu nile mimi, video apate yeye? Nikamwambia chaji ya kiuno imeisha. Naona hakupenda, na sijali.

Sasa nyota ngapi? Nilipanga kutoa moja, tena kwa kuihurumia mikeka, ambayo kwa kweli ni mizuri. Lakini yule binti ni wa tano, kabisa, na nisidanganye, mwezi huu nimelipa tena. Haya, tatu. Hapana, kila nikikumbuka kile kicheko... mbili. Mkienda, ulizeni kwanza jioni hiyo anafundisha nani. Mkiambiwa sensei mwenyewe yupo, semeni mtarudi kesho. Na bebeni maji yenu, bomba la bafuni pale ni pambo.