Kuvumwani au mashine: nani anaijua hewa vizuri?

Mashine ya kupima hewa ni kitu cha maana sana, inakupa namba kamili, saa ngapi uchafu ulipanda, saa ngapi ulishuka, na ukienda mahakamani namba hiyo inasimama. Ila bei yake noma, ndo maana mji mzima unakuta zipo chache tu, kwingine unakisia.

Sasa njoo kwa kuvumwani (moss kwa Kiingereza), ile ya kijani laini inayoota kwenye magome ya miti. Haina mizizi ya kweli, inakula mvua na vumbi, kwa hiyo kila kinachotua juu yake inakinywa tu kama sponji. Unavaa glavu, unabandua kuvumwani ya kujaa kiganja, unakausha, unapeleka maabara. Basi!

Portland kule Marekani mwaka 2013 watafiti walibandua sampuli 346 mitini, wakachora ramani ya kadimiamu, metali yenye sumu, na ramani ikaenda kuwaka, yaani kadimiamu ilikuwa nyingi, jirani na viwanda vya vioo vya rangi, sehemu ambayo hakuna mashine iliyokuwa imekaa. Mashine ikapelekwa pale Oktoba 2015 na kweli, kadimiamu ilikuwa mara 49 ya kiwango salama cha jimbo.

Kuvumwani nayo ina kasoro, haikwambii uchafu ulitua lini wala umevuta kiasi gani kifuani. Mimi ningeanza na kuvumwani mji mzima, halafu hiyo mashine ya bei mbaya naipeleka ramani ilikowaka.