Kuagiza pilau kwa simu: uzoefu wangu na programu ya mkahawa mmoja wa Nairobi

Tangu Jumia Food, huduma ya kuagiza chakula kutoka mikahawa mbalimbali, ifunge shughuli zake nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2023, nimekuwa nikiagiza chakula kupitia programu za mikahawa yenyewe, na ninayoizungumzia hapa ni ya mkahawa wa vyakula vya Pwani ulioko katikati ya jiji la Nairobi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa na pilau yake sina ugomvi. Ninachopima ni jinsi mteja anavyohudumiwa tangu anapofungua programu hadi chakula kinapomfikia mlangoni.

Menyu ndiyo iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Picha hufunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu, bei tayari imejumuisha VAT ya asilimia 16, na chakula kilichokwisha jikoni hufifishwa ili mtu asikichague bure. Ipo pia nafasi ya kumwandikia mpishi maelezo, na nilipoomba kachumbari isitiwe dhania na pilipili iwekwe kando, ililetwa vivyo hivyo. Kilichoniudhi ni ada ya vifungashio, shilingi 30 kwa kila chombo, ambayo haijitokezi hadi ukurasa wa mwisho, wakati mtu ameshapiga hesabu yake akaridhika.

Kwenye malipo mambo yanaanza kulegea. Unaandika namba ya simu, ombi la M-Pesa linatokea kwenye skrini, unatia namba ya siri, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia mara moja. Lakini ukitoka kwenye programu kidogo tu ili uusome ujumbe huo, unaporudi unakuta imeandikwa kwamba malipo bado yanasubiriwa, na chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani kinachokualika ulipe tena. Nilipopiga simu mkahawani, mhudumu aliniambia kwa upole kwamba oda yangu ilikuwa imelipwa na tayari iko jikoni. Kila ujumbe wa M-Pesa una namba yake ya muamala, kwa hiyo kisanduku kimoja cha kubandika namba hiyo kingemwondolea mteja wasiwasi wote huu.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye anwani. Programu inalazimisha mteja ajaze namba ya nyumba na msimbo wa posta, kana kwamba barua zetu huletwa mlangoni, ilhali msimbo kama 00100 hutambulisha posta lilipo sanduku lako la barua, wala haumwambii mtu unalala wapi. Mimi naishi mtaa wa Buruburu, ndani ya korti, yaani kundi la nyumba zenye geti moja, na anayekuja kwangu huelekezwa kwa steji, duka la kona na rangi ya geti. Nafasi ya kuandika maelekezo hayo haipo. Alama ya ramani nayo hujibandika yenyewe kwenye Barabara ya Mumias Kusini, na ukiivuta hadi nyumbani inarejea barabarani mara tu unapohifadhi. Matokeo yake, mwendesha bodaboda hupiga simu akiuliza, "Boss, nimefika steji, niingilie wapi?" na mazungumzo yanaendelea huku wali ukipoa. Wakati huohuo ramani ya kufuatilia oda inamwonyesha bado yuko Barabara ya Jogoo.

Jambo lingine dogo: wakati wa kujisajili, programu huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyo kwenye simu yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu kwa shughuli husika, na sioni kwa nini muuza biriani ahitaji namba ya shangazi yangu. Nilikataa, na programu ikaendelea kufanya kazi bila tatizo lolote.

Kwa sasa naitumia ninapokuwa mjini, kwa kuchagua kwenda kuchukua chakula mwenyewe: hapo anwani haiulizwi, ada ya kuletewa haipo, na oda hukutwa imeshafungwa kaunta. Nikiwa nyumbani huwapigia simu, nikamweleza mhudumu njia kwa mdomo, naye humpa mwendesha bodaboda maelekezo hayo kabla hajaondoka.