Ukumbi wa geimu usio na kibao, Kondele: Alhamisi za wageni

Mimi ni muuza dawa hapa Kondele, Kisumu, na miaka 35 nimeshaipita. Karibu miaka miwili sasa nacheza PUBG Mobile, geimu ya simu ya kupigana risasi, kwenye Infinix yangu, usiku watoto wakishalala, na muda wote huo nimecheza na watu nisiowajua. Unaruka kutoka kwenye ndege, unaokota bunduki, unauawa, unaanza upya. Nilichokuwa nakitamani ni zile mechi zenye mpangilio: skwadi ya watu wanne wanaojuana, rumu ya ndani ya geimu iliyofungwa kwa nywila, timu 16 ndani, pointi zinaandikwa. Nilikuwa nazitazama YouTube tu.

Mwaka jana nilijitosa. Nililipa shilingi 50 kwenye grupu moja la WhatsApp, nikaunganishwa na wenzangu watatu, tukapewa sloti ya 14, yaani nafasi ya timu yetu ndani ya rumu. Namba ya rumu na nywila vilitumwa dakika 10 kabla ya mechi. Nikaingia mbio, nikakaa kwenye nafasi ya kwanza niliyoiona wazi, kumbe ni sloti ya 9, ya watu wengine. Nikatolewa. Nikarudi, nikatolewa tena. Mara ya tatu mechi ilikuwa imeshaanza. Nilipouliza kwenye grupu nilijibiwa neno moja tu, "nubu", yaani mtu asiyejua kucheza, na pesa haikurudi. Wenzangu walicheza pungufu na hawakunitafuta tena. Niliumia sana siku hiyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sloti ni kama kiti cha basi la usiku la kwenda Nairobi: tiketi yako ina namba, na kiti cha mwenzio hukalii hata kikiwa kitupu.

Ndiyo maana naandika kuhusu ukumbi huu. Uko ghorofa ya kwanza, upande wa barabara ya Kakamega, na ukisimama dirishani unaiona flaiova ya Kondele yote. Kibao hawana, uliza watu wa bodaboda watakuonyesha ngazi. Siku nyingine ni PlayStation na mpira, vijana wamejaa na kelele ni nyingi, huko sina la kusema. Mimi naizungumzia Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, muda waliowatengea watu ambao hawajawahi kucheza mechi ya skwadi. Unalipa shilingi 100, waifai ikiwemo. Hedifoni unaazimwa, unaacha kitambulisho kaunta. Simu ni yako, na uje nayo ikiwa na chaji, kwa sababu soketi ni nne tu.

Anayeongoza ni kijana wa Manyatta, sidhani kama amefika 25. Mimi ananiita anti, na kwa kweli ana subira kuliko walimu wengi walionifundisha. Nusu saa ya kwanza hakuna kupiga risasi hata moja. Anafungua rumu, anatupa namba na nywila, tunaingia, kila mmoja anakaa kwenye sloti yake, tunatoka, tunaingia tena. Mara tano, sita. Siku ya kwanza niliona kama tunapoteza muda. Nilipokumbuka ile sloti ya 9, nikanyamaza nikaendelea.

Halafu kuna ukuta. Wachezaji wa PUBG mnajua ule mstari wa dira juu ya kioo, wenye namba za nyuzi zinazosogea kila ukigeuka. Nilikuwa nauona kila siku na sikujua kazi yake. Nikimwona adui nilikuwa napiga kelele, "Kule! Kule kwa mti!" Sasa ramani ya Erangel ni kilomita 8 kwa 8, miti iko mingapi? Basi huyu kijana amezichora namba kwa chaki kuzunguka ukumbi mzima. Mlango ni 0, friji ya soda ni 90, dirisha la flaiova ni 180, kona ya choo ni 270. Anatusimamisha katikati ya sakafu, skwadi nzima, simu mfukoni, anaita: "210!" na wote tunageuka. "75!" tunageuka. Mtu wa mwisho kugeuka ndiye anayeita namba inayofuata. Baada ya dakika 15 hivi anaongeza: namba, kisha kitu, kisha idadi. "120, nyuma ya gari, wawili." Basi. Hakuna kule wala pale. Kwenye skwadi yetu mmoja akishtuka huongea Kijaluo na mwingine Kiluhya, lakini namba tunazitaja kwa Kiswahili na sote tunageukia upande mmoja.

Sheria nyingine anayoisisitiza: ukishauawa, funga mdomo mpaka uulizwe. Hii ilinishinda wiki mbili nzima. Mtu akifa anataka kueleza alivyokufa, na wakati huo mwenzake aliye hai anajaribu kusikiliza hatua za adui kwenye ngazi za nyumba. Na uamuzi ni wa mmoja tu. Kwetu ni fundi wa pikipiki, mtu mpole ambaye sikumdhania, lakini akisema tunahama tunahama, ubishi ni baada ya mechi.

Mechi zenyewe za Alhamisi ni skwadi tatu au nne, zote za wageni. Kijana huyo anaingia kwenye rumu kama mtazamaji, kwa hiyo anatuona wote, na tukimaliza anamwita kila mmoja kando. Hamkemei mtu mbele za watu. Mimi aliniambia kwamba nakimbilia kumwinua mwenzangu aliyeangushwa (amepigwa ila hajafa) kabla sijarusha bomu la moshi, ndiyo maana tunalala wawili badala ya mmoja. Maneno machache tu, na yamenisaidia kuliko video zote nilizotazama. Pointi zinaandikwa kwenye karatasi ya manila ukutani: wa kwanza 10, wa pili 6, wa tatu 5, kisha 4, 3, 2, 1 na 1 hadi nafasi ya nane, na kila adui unayemwondoa ni pointi moja. Ukiiona mara moja unaelewa kwa nini timu nzuri hujificha muda mrefu vile.

Kuna yanayohitaji kurekebishwa, na nimeshawaambia wenyewe. Hedifoni ni sita, na mbili kati yake zimekufa sikio moja. Kwenye geimu ambayo unajua adui yuko kushoto au kulia kwa kusikia nyayo, hilo si jambo dogo. Waifai hulemewa kuanzia saa moja usiku, wale wa PlayStation wakianza kupakua mambo yao. Tunachezea seva ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati, safari tayari ni ndefu, na pingi, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, ikipita milisekunde 200 unampiga mtu ambaye ameshaondoka mahali hapo. Waitengee rumu laini yake kwa hizo saa tatu. Alhamisi moja stima ilipotea na jenereta hawana. Tulirudishiwa shilingi 50 kila mmoja bila kuomba, nikawaheshimu.

Lililonikera zaidi ni ngazi. Zilikuwa giza totoro, na sisi wanawake ni watatu, tunashuka saa mbili usiku kutafuta matatu. Nilisema, na wiki iliyofuata nikakuta balbu. Sasa naomba waanze saa kumi, tumalize saa moja. Wanasema wanafunzi hawatakuwa wamefika. Wajaribu hata mwezi mmoja.

Ukimaliza Alhamisi nne wanakusajili kwenye rumu ya Jumamosi, ile ya timu 16 yenye watu wa Nakuru na Eldoret. Sisi tumecheza moja: mimi, fundi, na wanafunzi wawili wa Maseno. Tulipewa sloti ya 12 na nikakaa kwenye sloti ya 12. Karibu na Pochinki, mji wa kwenye ramani ya Erangel, mwanafunzi mmoja aliangushwa nyuma ya ukuta mfupi. Nikasikia sauti yake, imetulia kabisa, "240, mawe mawili, mmoja." Nikageuka 240 kabla sijafikiri. Fundi akampiga aliyekuwa kwenye mawe, mimi nikarusha moshi, nikahesabu mpaka ukajaa, ndipo nikamwinua. Tulimaliza nafasi ya 11 na maadui wanne, yaani pointi 4. Karatasi nimeipiga picha na iko kwenye simu. Tunarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi.