Uzoefu wangu: shahada ya usimamizi wa biashara na gunia la alizeti la baba mdogo

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa ukoo, wa mtaani, hata wa kwaya, wananiuliza swali lile lile: "Dada, hiyo shahada ya biashara uliyosoma, nisome au niache?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nayaandika yote kwa pamoja, mazuri na yaliyoniuma, kwa sababu ni uamuzi wa miaka 3 na pesa za mzazi, na wengi wanaufanya kwa siku 2 za kujaza fomu.

Nilisoma shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara katika chuo cha umma, kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi 2021. Chuo chenyewe sitakitaja. Rafiki zangu waliokwenda vyuo vingine wamenisimulia mambo yanayofanana sana na yangu, kwa hiyo sioni haki ya kukinyooshea kidole kimoja.

Nianze na somo lililonirudishia ada yangu yote: uhasibu wa gharama.

Tulilisoma mwaka wa pili, na darasani halikunikolea hata kidogo. Kuna mada inayohusu malighafi moja kuzaa bidhaa mbili au zaidi, na unatakiwa ujue namna ya kuzigawia gharama. Mfano tuliopewa ulikuwa wa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi: petroli inatoka, dizeli inatoka, mafuta ya taa yanatoka. Nilikariri hatua zake, nikafanya testi, nikapata alama nzuri, nikasahau. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya corona, nikapanda basi kurudi nyumbani Singida, begi limejaa madesa, yaani notsi za masomo zilizotolewa kopi.

Baba mdogo ana mashine ya kukamua alizeti. Mwezi wa 5, alizeti mpya zilipoanza kuingia kutoka mashambani, nilikuwa nakwenda pale kila siku kumsaidia kupima na kuandika. Jioni moja nikamkuta amekaa juu ya gunia, kaunta buku mapajani, kalamu imesimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hivi huko chuoni wanawafundisha hela inapopotelea?"

Nikakaa naye. Tukachukua gunia moja tu, la kilo 65. Alilinunua kwa 52,000. Umeme, ujira wa vijana wawili wa mashine na kodi ya banda, ukivigawa kwa magunia ya mwezi, vilikuwa kama 9,000 kwa gunia. Jumla 61,000. Gunia hilo lilitoa lita 16 za mafuta, naye alikuwa anauza lita moja 3,500. Hiyo ni 56,000. Baba mdogo akaweka kalamu chini. Kila gunia linamla 5,000, na ana miaka anakamua! Mbona basi hajafunga?

Nikamuuliza mashudu, yale mabaki ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa, yameandikwa ukurasa gani. Hayakuandikwa popote. Kila gunia lilikuwa linaacha kilo 40 hivi za mashudu, na wafugaji wa ng'ombe na kuku walikuwa wanayachukua kwa shilingi 400 kilo, wengine taslimu, wengine "nitakuletea Jumamosi". Hela iliyolipwa iliingia mfukoni ikanunua sukari na mboga, isiyolipwa ikasahaulika. Kichwani mwake mashudu yalikuwa makapi. Kwenye hesabu yalikuwa 16,000 kwa kila gunia, na ndiyo yaliyokuwa yakilibeba banda zima. Faida ikawa 11,000. Kisha nikakumbuka uchakavu: mashine aliinunua milioni 6, fundi alimwambia itahimili miaka 5, naye hukamua kama magunia 600 kwa mwaka. Kwa hiyo kila gunia linadaiwa 2,000 na mashine yenyewe. Ikabaki 9,000.

Tulikaa pale hadi giza likaingia. Ile mada ya petroli na dizeli nilikuwa nimeifaulu bila kuijua.

Kwa hiyo mtu akiniambia shahada ya biashara ni maneno matupu, namkatalia. Uhasibu, gharama, sheria ya mikataba, takwimu, usimamizi wa fedha, haya ni maarifa kamili, na ukiyashika yanakaa mkononi kama ufundi. Hata kanuni ya wiki za mwanzo kabisa, anayepokea debiti, anayetoa krediti, inatosha kumfundisha mwenye duka kwamba hela ya duka na hela ya nyumbani ni watu wawili tofauti.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyofundishwa. Biashara zimetuzunguka pande zote, kuanzia mama anayeuza chipsi getini hadi kiwanda cha mtaa wa pili, lakini hatukupelekwa hata siku moja kuona moja yake inavyohesabu. Ukumbi ulikuwa na mamia ya wanafunzi, ukichelewa unasimama mlangoni na spika hazifiki. Mhadhara ni kwa Kiingereza, na si siri kwamba wengi tulikuwa tunaandika tu. Kuelewa kulikuja jioni, kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea, kwa Kiswahili. Kijana mmoja aliyetoka mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ndiye aliyetufundisha taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa kutumia biashara ya bodaboda ya kaka yake, na mpaka leo nikiiandaa kazini namkumbuka.

Somo la kodi ndilo lililonisikitisha kuliko yote. Tulilisoma kwa desa lililokuwa likitolewa kopi mwaka hadi mwaka, na mifano yote ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa ya asilimia 20. Tanzania ilianza VAT mwaka 1998 kwa kiwango hicho, kikashushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Sisi tulikuwa mwaka wa tatu, zaidi ya miaka 10 baadaye. Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono akaeleza, akaambiwa atumie kiwango kilichoandikwa kwenye swali. Mle ndani walikuwamo watoto wa wenye maduka wanaotoa risiti za EFD, zile mashine za kodi, kila siku, wanakijua kiwango kuliko desa. Nani atawaamini tena walimu wake baada ya hapo?

Ujasiriamali nao tulikaa mezani tukaandika mchanganuo wa biashara, kikundi cha watu 10. Waliofanya kazi tulikuwa 3, wengine walileta majina na namba za usajili. Tukaandika ufugaji wa kuku wa mayai bila kwenda kuuliza bei ya chakula chao. Tukapewa alama nzuri.

Na field, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki 8. Mimi nilipangiwa ofisi moja ya serikali, nikapiga fotokopi, nikapanga mafaili, nikasubiri logibuku isainiwe. Msimamizi wa chuo alikuja mara moja, dakika chache. Wiki 8 ni muda wa kutosha kabisa kumfundisha mtu kufunga hesabu za mwezi. Mwenzangu mmoja alijitafutia mwenyewe nafasi kwa msambazaji wa vinywaji, akarudi anajua kuhesabu stoo, kufuatilia wadaiwa na kusoma ripoti ya mauzo. Huyo ndiye aliyepata kazi mapema kuliko sisi sote, na sishangai.

Kuhusu ajira niseme bila kuficha. Shahada hii peke yake haikufanyi mhasibu. Ukitaka njia hiyo lazima ufanye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hadi CPA, cheti cha mhasibu kamili. Ukitaka ununuzi na ugavi, kuna PSPTB, bodi ya fani hiyo, na mitihani yake. Hayo hatukuambiwa mwaka wa kwanza, tuliyajua tulipoanza kusoma matangazo ya kazi. Matangazo mengi ya benki na taasisi yanataja fani kwa jina: uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu. Mwenye shahada ya jumla kama yangu analazimika kueleza sana. Mimi nilikaa nyumbani zaidi ya mwaka, nikaanza kwa mkataba mfupi kwenye duka la jumla, ndipo nikapata nafasi niliyo nayo sasa. Na ukipata kazi, kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi. Sina kinyongo na makato, bila bumu, ile hela ya mkopo, nisingesoma, ila panga maisha yako ukijua yapo.

Kama ningeanza upya leo, ningesoma biashara tena, lakini ningechagua shahada ya uhasibu au fedha badala ya ya jumla. Masomo ya usimamizi ningeyapata humo humo kwa kiasi cha kunitosha, na njia ya CPA ingekuwa imefunguka. Kabla ya kujaza fomu ningefungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu, nikasoma mwenyewe sifa za kila kozi, badala ya kufuata walichojaza marafiki. Ningekwenda pia chuoni siku ya kawaida ya masomo, nikaketi kimbwetani na watu wa mwaka wa tatu, nikawauliza mambo mawili: field mlifanya wapi, na desa la kodi ni la mwaka gani.

Kwa wanaotoka HGL na HKL, michepuo ya historia na lugha isiyo na hesabu za biashara: mnaweza, msiogopeshwe. Wengi wetu tulioteseka na takwimu muhula wa kwanza tulifaulu muhula wa pili. Ila likizo ile ndefu ya kabla ya chuo tafuteni kitabu cha uhasibu cha kidato cha tatu na cha nne mkifanyie mazoezi, kwa sababu wenzenu wa ECA wataingia wakiwa wameshakimaliza na mhadhiri hatawasubiri.

Mtoto wa baba mdogo amemaliza kidato cha sita mwaka huu, naye anataka kusoma biashara. Siku hizi kaunta buku ya pale mashineni ina kurasa za mashudu, zimechorwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mfugaji, kilo, alicholipa, anachodaiwa. Nimemwambia apige kopi za msimu mzima aende nazo chuoni, na kila somo jipya likianza azitoe aone linasema nini juu ya zile kilo 40.